Kwa mdogo wangu aliyeanguka baada ya zamu

Mdogo wangu mpendwa,

Mama amenieleza kwamba ulianguka kazini. Hukuanguka mbele ya tanuru, koleo likiwa mkononi. Ulianguka zamu imekwisha, mmesimama mnangoja basi la kuwarudisha mtaani Katuba. Hilo ndilo linalowasumbua nyumbani: kazi imemshindaje mtu aliyekwisha kuimaliza? Mmoja anasema umelegea, mwingine anataka upelekwe kwenye maombi. Nakuandikia hadharani kwa sababu Lubumbashi ina vijana wengi wa viwanda vya shaba walioanguka hivyohivyo wakaona aibu, na hakuna cha kuonea aibu hapo.

Chini ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi. Ndiyo inayosimamia joto la mwili lisiende mbali na digrii 37. Upande wake wa mbele una seli zinazochangamka damu inapopata joto, na hapohapo hupokea habari kutoka kwenye ngozi. Mwaka 1912 Henry Barbour aliingiza kijibomba katika sehemu hiyo ya ubongo wa sungura. Alipopitisha maji ya moto, mwili wa sungura ulipoa. Alipopitisha maji baridi, ulipanda joto. Hewa ya nje haikubadilika. Ubongo ndio uliodanganywa, na mwili ukautii.

Sasa wewe umesimama mbele ya shaba, ambayo haiyeyuki mpaka ifike digrii 1,085. Ubongo wako hauwezi kuzima tanuru. Unachoweza ni kuhamisha damu kuipeleka kwenye ngozi. Kwanza hulegeza neva zinazobana mishipa midogo ya ngozi. Joto likizidi, huamsha neva nyingine ambazo kazi yake ni kuipanua mishipa hiyo. Mtu aliyepumzika pasipo joto hupitisha kwenye ngozi nusu lita ya damu kwa dakika, au pungufu. Joto likikithiri, huweza kufika lita 6 hadi 8. Soma tena hapo, kwa maana mwili wako wote una damu ya lita kama 5 tu! Ili ngozi ipate kiasi hicho, moyo hupiga mbio, na mishipa ya tumbo na figo hubanwa. Ndiyo maana bukari, yaani ugali, ulioula kabla ya zamu unakulalia tumboni.

Juu ya hayo kuna jasho. Linalodondoka chini halikusaidii. Linalokauka juu ya ngozi ndilo linaloondoka na joto. Lakini maji yake yametoka kwenye damu. Kwa hiyo mishipa inapanuka huku damu ya kuijaza ikipungua.

Ulipokuwa unafanya kazi, misuli ya miguu ilikuwa inaikamua mishipa na kuisukuma damu juu. Ukasimama kimya kungoja basi. Misuli ikatulia, damu ikajikusanya miguuni, moyo ukakosa cha kutosha kusukuma, presha ikashuka. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni. Hauvumilii kukosa damu hata kidogo. Macho yakaingia giza, ukaanguka, na ulipolala chini damu ikarudi kichwani ukazinduka. Wenzako walikuinua upesi wakusimamishe, kwa wema wao. Safari nyingine wamwache mtu alale kivulini, wainue miguu yake, wamlegeze mkanda, na wampe maji akishazinduka vizuri.

Ila mtu akianza kuropoka, asijue alipo, au akapata degedege huku mwili ukiwaka, hiyo ni hatari ya namna nyingine. Joto limepita digrii 40 na ubongo wenyewe unaumia. Mmwagieni maji mwili mzima na kumpepea papo hapo, huku gari la hospitali likitafutwa. Msidanganyike kwa kuwa bado anatoa jasho. Wala msimnyweshe kitu akiwa hana fahamu.

Wewe ulirudi kazini ukitoka kitandani kwa malaria, tena mwezi wa kumi, mvua bado. Mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kuzoea joto upya: maji ya damu huongezeka, jasho huanza mapema. Mwambie kapita, msimamizi wenu, akupe zamu fupi kwanza, na aliyerudi kutoka ugonjwa asirushwe moja kwa moja tanuruni. Mkingoja basi, tembeatembea au keti. Kunywa maji kabla kiu haijakushika, na bia ya getini iache, inaipanua mishipa ya ngozi zaidi na kukutoa maji.

Wanaotaka maombi waende nawe Jumapili. Kabla ya hapo, nenda zahanati upimwe presha na wingi wa damu, kwa sababu malaria huacha upungufu wa damu, na mwenye upungufu huo huanguka upesi zaidi. Nauli nimemwachia Mama.

Yaya wako, mkubwa wako