Jumamosi tuje na bao

Asalaam aleikum jamaa zangu. Jumamosi baada ya alasiri tukutane pale pale barazani, Wete. Nataka tuzungumze habari za Institute of Play, shirika lisilo la faida lililoanzishwa New York mwaka 2007. Waanzilishi, akiwemo Katie Salen, walikuwa wabunifu wa michezo. Mwaka 2009 wakasaidia kufungua skuli ya serikali Manhattan, Quest to Learn, ambako mbunifu wa michezo alikuwa akikaa na mwalimu wakapanga somo pamoja, liwe kama mchezo. Hilo la kukaa pamoja ndilo lililonigusa zaidi.

Juzi nilimtazama mtoto wa darasa la nne akicheza bao na babu yake. Kete mkononi, midomo inacheza, anahesabu kimoyomoyo ya mwisho itaangukia shimo gani. Alifungwa, akapanga upya papo hapo. Mtoto huyo huyo skuli akikosa hesabu hufunga daftari! Mashimo 32, kete 64: humo mna kugawa na kuzidisha tele.

Mwenye bao aje nalo. Walimu wa hesabu, tafadhalini msikose. Kahawa ipo.