Safari ya Moroko, Fes mpaka Marrakech kwa barabara

Wapendwa habari za jioni, njia ndo hii imeshapangwa. Tunaanzia Fes, mji wa kale ambao ndani gari haliingii, ni punda na mikokoteni na miguu yako, kwa hiyo ukisikia mtu anapiga kelele "balak!" sogea ukutani fasta maana punda aliyebeba ngozi hakusubiri. Tutapita msikiti wa al-Qarawiyyin, unaotajwa kuanzishwa na mwanamke, Fatima al-Fihri, mwaka 859, wasio Waislamu wanaishia mlangoni ila hata kuchungulia tu inatosha jamani. Kwenye mashimo ya kutia ngozi rangi mtapewa majani ya nanaa, pokeeni mnuse, harufu pale ni kali.

Toka hapo tunavuka milima ya Atlas kwenda Merzouga, kijiji cha jangwani, siku nzima kwenye gari, anayetapikaga njiani akae mbele. Usiku jangwani kuna baridi hasa, bebeni sweta, jua la mchana lisiwadanganye!! Kwenda Marrakech tunapitia Aït Benhaddou, kijiji cha kale cha nyumba za udongo, na Tizi n'Tichka, njia ya juu milimani, mita 2260, kona tupu.

Mwenye shida ya mgongo aniambie mapema, asipande ngamia. Picha za pasipoti nitumieni inboksi, sio humu.