Wahitimu wa sayansi za habari wawapokee wanafunzi

Mhariri,

Shule ya Ukutubi ya Afrika Mashariki ilipoanzishwa Makerere mwaka 1963, iliwafunza wakutubi wa nchi zetu pamoja. Kenya ikapata kitivo chake cha sayansi za habari katika Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, mwaka 1988, na wahitimu wake leo wamo maktabani, katika masjala na katika vyumba vya habari.

Nawasihi wahitimu wenzangu wawapokee wanafunzi wanaotafuta nafasi za mafunzo ya nyanjani. Darasani hufundishwa namba za Dewey, zinazopanga vitabu vya maktaba kwa mada, na kanuni za kupanga nyaraka, lakini ni masjalani, jalada la mgonjwa likiwa halionekani huku daktari akilisubiri, ndipo mwanafunzi huelewa kwa nini kila anayechukua jalada lazima aandikwe kwenye daftari. Karamu za wahitimu ni njema, wala sizipingi. Hata hivyo, kijana anayezunguka mjini na bahasha ya barua za maombi anahitaji zaidi mtu wa kumpa meza, kazi halisi na masahihisho ya upole. Wenye vyeo wasingoje kuombwa: waiandikie idara ya chuo sasa, kabla ya likizo ndefu, wakitaja nafasi walizo nazo.

Mhitimu,
Eldoret