Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: tunaomba ufunguo wa chumba cha sayansi

Mheshimiwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri yetu,

Yah: Kufuli kwenye chumba cha sayansi cha vijana

Barua zangu tatu zilipokelewa masjala na kugongwa mhuri. Hii ya nne naiandika hadharani, kwa sababu Jumamosi iliyopita nilikuta kufuli jipya mlangoni na watoto 32 wamesimama nje, wengine wametoka kwao alfajiri kwa miguu. Mlinzi akasema, "Mwalimu, mimi nimetumwa tu." Nilikosa la kuwaambia watoto.

Nakukumbusha, kwa heshima, siku uliyotuzindulia. Ulikaa kwenye kile kiti kinachozunguka, ukashika gurudumu la baiskeli likiwa kasi, ukaliinamisha, na kiti kikakugeuza chenyewe. Ulicheka, ukaomba kurudia. Kisha ukatamka mbele ya wazazi kwamba chumba hiki ni cha watoto, na fedha za paa na umeme zitaingia kwenye bajeti inayofuata. Bajeti mbili zimepita. Paa tumelifunika turubai.

Vilivyofungiwa humo havikununuliwa na Halmashauri. Lenzi, sumaku, kapi, nyaya, hata hilo gurudumu, nilinunua kwa kiinua mgongo changu baada ya kufundisha fizikia miaka 31. Mke wangu alitaka tumalizie nyumba. Hatujaimalizia, mvua ikinyesha tunahamisha kitanda. Sukari inanisumbua na miguu inavimba, lakini kila Jumamosi nilifika. Sidai fidia ya hayo.

Mheshimiwa, mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba, mkoani Tanga, alitia maziwa ya moto kwenye friza akitengeneza aiskrimu. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yasiyochemshwa. Mwalimu wake akamwambia amechanganyikiwa. Hakunyamaza, alipofika Sekondari ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza mwanafizikia Denis Osborne aliyekuja kutoka Dar es Salaam, na Osborne akakubali kwenda kupima. Mwaka 1969 wakachapisha matokeo pamoja. Wanasayansi duniani bado wanabishana juu ya jambo hilo, la cha moto kuganda kabla ya cha baridi, na jina lake, athari ya Mpemba, ni la Mtanzania. Lilianzia mikononi mwa mtoto aliyeruhusiwa kugusa friza!

Wetu wanagusa wapi? Fizikia ya sekondari wanaikariri kwa Kiingereza ambacho wengi hakijawakaa. Chumbani kwetu waliuliza kwa Kiswahili. Tulipoziba madirisha kwa maboksi na kuacha tundu moja dogo, mwembe wa nje ulitokea ukutani umepinduka, matawi chini. Binti mmoja wa kidato cha pili, ambaye darasani hajawahi kunyoosha mkono, alichukua chaki akachora njia ya mwanga kutoka jani hadi ukutani. Sikumsaidia hata mstari mmoja. Mchoro wake uko humo ndani, nyuma ya kufuli lenu.

Rais Kikwete alipoagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara, tulichanga, mimi nikiwemo. Maabara moja niliyoichangia leo inahifadhi mahindi. Tanga mjini wana Bustani ya STEM, yaani ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, watoto wanaishika sayansi kwa mikono. Sisi tulikuwa na chumba kimoja.

Mtaani wanasema kimepata mpangaji wa kuhifadhi vinywaji. Naamini ndivyo, maana wiki mbili kabla ya kufuli walikuja watu wawili na futi kamba wakapima sakafu, hata salamu hawakutupa. Kama ni kodi mnayotafuta, mngetuita tukazungumza. Hakuna aliyetuita.

Nilikusudia kudai paa, umeme na mwalimu wa kunisaidia. Nayaacha. Naomba ufunguo tu. Turubai tutaendelea nalo, giza tumelizoea. Jumamosi hii saa 3 asubuhi nitakuwa mlangoni pamoja na watoto. Mtume mlinzi yule yule, aje na ufunguo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu wa fizikia