Kabla Hujanunua Fayawoli, Fungua Kabati la Mtandao

Maombi mengi ya wateja huja kwa maneno yaleyale: "Mtandao wetu unakatakata, tunataka fayawoli kubwa zaidi." Fayawoli tunauza, na ukiitaka utaipata. Lakini kabla ya kukuandikia ankara, fundi ataomba kwanza ufunguo wa kabati la mtandao, lile la chuma lililojificha stoo nyuma ya makasha ya karatasi. Fayawoli ni bawabu: inakaa langoni, inamkagua anayeingia na anayetoka. Ugomvi wa sebuleni, kati ya kompyuta na printa au swichi (kisanduku kinachounganisha nyaya za mtandao wa ofisi) na swichi, haupiti langoni kabisa. Bawabu hata awe na miraba minne, hauoni.

Taa zote zikimeta kwa pamoja

Tuanze na tatizo linalotisha kuliko yote, ingawa ukilijua unalimaliza kwa dakika chache. Ofisi nzima inasimama kwa mpigo. Simu za mezani zimekufa, printa haionekani, hata kompyuta mbili zilizo juu ya meza moja haziwasiliani. Mtoa huduma wa intaneti anasema laini yake ni nzima, na anasema kweli. Ukifungua kabati unakuta taa za poti zote (matundu ya kuchomekea waya) za swichi zinameta kwa kasi na kwa mpigo mmoja. Siku ya kawaida kila taa humeta kivyake, maana kila kompyuta ina shughuli zake. Zikianza kucheza ngoma moja, una kitanzi.

Kitanzi kwa kawaida hutengenezwa na mtu mwenye nia njema. Amekuta ncha ya waya inaning'inia chini ya meza, akaichomeka kwenye soketi ya ukutani; kumbe ncha ya pili ya waya huohuo nayo iko ukutani. Simu ya mezani ya IP, yaani inayotumia mtandao wa kompyuta, ni mtego mwingine: ina poti mbili, moja ya kwenda ukutani na nyingine ya kompyuta, na zote mbili zikienda ukutani swichi inakuwa imeunganishwa na nafsi yake. Kuanzia hapo tangazo lolote linalotumwa kwa kompyuta zote (na kompyuta hutangaza mara kwa mara hata zikiwa hazina kazi) linazunguka bila kikomo. Pakiti ya IP, yaani kifurushi cha data, ina kihesabu kinachopungua kila inapopita kwenye ruta (chombo kinachounganisha mtandao mmoja na mwingine). Kikifika sifuri, pakiti inatupwa. Fremu ya Ethernet, bahasha inayoibeba ndani ya ofisi, haina kihesabu hicho. Haizeeki wala haifi. Swichi inainakili kwenda poti zote kila inapozunguka, na ndani ya sekunde chache nyaya zimejaa matangazo yaleyale, kazi halali imekosa pa kupita.

Dawa yake ni ya zamani, inaitwa STP. Radia Perlman aliibuni mwaka 1985 akiwa Digital Equipment Corporation, na toleo lake la haraka linaitwa RSTP. Swichi hutumiana ujumbe mfupi kila sekunde 2, zinachagua moja iwe mzizi, kisha zinafunga njia yoyote inayorudi ilikotoka. Vile viswichi vidogo vya mezani visivyo na ukurasa wa mipangilio mara nyingi havina akili hiyo, ndiyo maana tunashauri viondolewe chini ya meza hata kama "havijawahi kusumbua".

Kuwasha RSTP peke yake hakutoshi. Kila swichi hutoka kiwandani ikiwa na kipaumbele 32768. Zikilingana, mzizi unakuwa ile yenye anwani ya MAC (namba ya chombo kutoka kiwandani) ndogo kuliko zote, na mara nyingi hiyo ndiyo kuukuu kuliko zote, pengine ile iliyosahauliwa ghorofa ya juu. Mtandao mzima unakuja kuegemea chombo kichovu bila mtu yeyote kuamua hivyo. Namba ndogo ndiyo hushinda, kwa hiyo iandikie swichi kuu kipaumbele 4096, na ile ya pili yake 8192. Halafu kwenye poti zinazokwenda kwa watumiaji washa kinga ya BPDU (ndio ule ujumbe mfupi wa swichi): poti ikipokea ujumbe wa swichi, uwe wa jirani au ni wa swichi hiyohiyo uliozunguka na kurudi, inajifunga papo hapo. Kinga hiyo usiiwashe kwenye poti zinazounganisha swichi na swichi, utazima ghorofa nzima.

Na kama kitanzi kimeshatokea na kinga hakuna? Usihangaike kuzima na kuwasha swichi. Zitatulia kidogo, kisha dhoruba ya matangazo irudi. Chomoa nyaya zinazounganisha swichi kuu na nyingine, mmoja baada ya mwingine. Swichi kuu ikitulia, kitanzi kiko upande uliokata mwisho. Nenda kwenye swichi ya upande huo uendelee poti kwa poti. Bandika karatasi yenye namba ya poti kwenye kila waya kabla ya kuuchomoa, la sivyo utamaliza tatizo moja na kufungua jingine.

Kamera zinazopotea usiku

Mchana kutwa kamera ziko sawa. Giza likiingia, nne au tano zinajizima, zinawaka, zinajizima tena. Mteja ananunua kamera mpya, na usiku mambo ni yaleyale. Hapa hesabu ya umeme ndiyo iliyokosewa. Kamera hizi hupata umeme kupitia waya wa mtandao, utaratibu unaoitwa PoE. Kwa kiwango cha 802.3af, poti hutoa wati 15.4 na kifaa huhakikishiwa wati 12.95, kwa kuwa nyingine hupotea njiani kama joto. Kwa 802.3at ni wati 30 kwenye poti na 25.5 kwenye kifaa.

Kinachosahaulika ni jumla. Swichi inaweza kuandikwa "poti 24 za PoE" huku bajeti yake yote ikiwa wati 190, ilhali poti 24 zikitoa wati 15.4 kila moja zinahitaji karibu wati 370. Chukua kamera 20 zinazokula wati 7 mchana: jumla 140, hakuna tatizo. Usiku taa za infraredi zinawaka, kila kamera inapanda hadi wati 11, na jumla inakuwa 220. Swichi inaanza kukata poti. Kwenye swichi nyingi, poti zikiwa na kipaumbele sawa, zinazokatwa kwanza ni zenye namba kubwa, kwa hiyo kamera "mbovu" ni zilezile kila usiku, na ndiyo maana mtu anaamini ni mbovu. Kabla ya kubadili kamera, fungua ukurasa wa PoE wa swichi usiku, siyo mchana, usome wati zilizotumika dhidi ya wati zilizopo.

Bajeti ikiwa inatosha na kamera bado zinaanguka, kagua waya wenyewe. Kuna nyaya zinazouzwa kama shaba lakini ni alumini iliyopakwa shaba juu. Kwarua ncha ya uzi mmoja kwa wembe: rangi ya fedha ikitokea, si shaba. Alumini hupinga umeme zaidi, waya unapata moto ukiwa umefungwa na wenzake, na volti zinazofika mwisho wa safari ya mita 80 hazitoshi. Urefu nao una ukomo: mita 90 ndani ya kuta pamoja na mita 10 za waya za kuunganishia pande zote mbili, jumla 100. Mita 130 itafanya kazi siku ya majaribio, kisha itakusumbua kwa miezi.

Anwani zisizotoka kwako

Mtu mmoja anapata mtandao, mwenzake aliye pembeni yake hapati. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika ipconfig, usome anwani. Ikianza na 169.254, kompyuta iliomba anwani kwa DHCP (utaratibu wa kugawa anwani) na hakuna aliyeijibu. Ikiwa ni ya familia tofauti na ya ofisi, tuseme ofisi yenu ni 10.20 na hii ni 192.168.0, basi kuna mtu ameleta ruta ya nyumbani ili apate waifai nzuri mezani kwake, akaichomeka kwa poti ya LAN (ya upande wa ndani), na sasa inagawa anwani zake kwa kila kompyuta inayowahi kuijibu. Ukiwasha ulinzi wa DHCP kwenye swichi, majibu ya kugawa anwani yatakubaliwa kutoka poti moja tu unayoiamini.

Ile ya 169.254 mara nyingi hutokana na anwani kwisha. Mtandao wa /24 una anwani 254. Seva ya DHCP ya Windows, isipoguswa, humwazima kila mgeni anwani kwa siku 8. Simu 40 za wageni wapya kila siku, na wote wako mtandao mmoja na wahasibu: ndani ya wiki moja bakuli ni tupu. Wageni wape muda wa saa 2 tu.

Tena wageni hawapaswi kuwa kwenye mtandao huo hata kidogo. Hapa ndipo VLAN zinapoingia, yaani kuigawa swichi moja iwe kama swichi kadhaa zisizojuana. Kwa ofisi nyingi makundi manne yanatosha: wafanyakazi, seva, kamera pamoja na simu, na wageni. Ukiona mchoro wenye VLAN 25 kwa watu 60, mchoraji alikuwa anajifurahisha. Lakini kugawa bila kuweka masharti ni kujenga kuta na kuacha milango wazi. Swichi yenye uwezo wa kuelekeza pakiti, ukiipa anwani kwenye kila VLAN, itazipitisha kutoka chumba hadi chumba bila kuuliza chochote. Kamera iliyodukuliwa itaifikia seva ya mahesabu kama kawaida.

Hapa sasa fayawoli ina kazi. Iwe yenyewe ndiyo njia pekee kati ya makundi hayo, na sharti la mwisho liwe kukataa kila kitu ambacho hakikuruhusiwa kwa jina. Kamera zizungumze na kinasa chao tu. Hazina haja ya intaneti. Ukichagua ukubwa wa fayawoli, kumbuka kwamba sasa inabeba na mizigo ya ndani, siyo laini ya intaneti peke yake. Usisome namba kubwa ya kwanza kwenye jarida la bidhaa, maana hiyo hupimwa bila ukaguzi wa virusi wala kufungua trafiki iliyofumbwa. Tafuta mstari unaotaja kasi wakati ulinzi wote umewashwa. Mara nyingi ni sehemu ndogo tu ya ile ya kwanza.

Joto na betri tutavipitia haraka. Wati 1 ni takriban BTU (kipimo cha joto) 3.41 kwa saa, hivyo kabati la wati 800 linahitaji kuondolewa BTU kama 2,730 kila saa, hata usiku, hata sikukuu. Kiyoyozi kinachozimwa na mlinzi saa kumi na mbili jioni hakikusaidii. Betri za UPS (chombo cha umeme wa akiba) hukaa miaka 3 hadi 5 zikiwa kwenye nyuzi 25, na kila nyuzi 10 zinazoongezeka hukata umri wao karibu nusu. Na VA, ile namba inayoandikwa juu ya UPS, si wati: UPS ya VA 1500 inaweza kubeba wati 900 tu.

Wingu nalo lina kabati

Wateja waliohamishia seva wingu hutuambia usalama sasa ni kazi ya mtoa huduma. Ni nusu ya kweli. Jengo, diski na umeme ni vyake. Akaunti, masharti ya kuingia na data ni vyako. Tunapokagua wingu tunaanza na sehemu moja: masharti ya fayawoli yenye chanzo 0.0.0.0/0, maana yake dunia nzima. Ikiwa yanaelekea poti 22 au 3389 (hapa poti ni namba ya mlango wa programu, siyo tundu la waya), mlango wa msimamizi uko wazi, na programu za kukisia nywila zitaanza kuugonga mapema kuliko unavyodhani. Fungia poti hizo nyuma ya VPN, yaani njia iliyofumbwa ya kuingilia. Akaunti kuu iwe na uthibitisho wa hatua mbili, afadhali kwa ufunguo wa usalama wa kuchomeka kuliko ujumbe mfupi wa simu. Funguo za programu zisiandikwe ndani ya msimbo.

Nakala rudufu ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza kituo cha data cha SBG2 cha OVHcloud mjini Strasbourg, na wateja ambao nakala zao zilikuwa palepale walizipoteza pamoja na seva. Moto ni nadra, lakini akaunti kuibwa si nadra: nakala zikikaa kwenye akaunti ileile, aliyeiba nywila anafuta seva, kisha anafuta na nakala. Weka moja kwenye akaunti nyingine, katika hifadhi isiyoruhusu kufuta kwa siku ulizopanga, kisha kila baada ya miezi mitatu irejeshe kwenye seva tupu uone kama inawaka na inachukua saa ngapi.

Ukitupigia simu, kuwa na saa tatizo lilipotokea, matokeo ya ipconfig kutoka kompyuta iliyoathirika na nyingine iliyo salama, na nywila ya kila swichi. Aliyezisetia akiwa ameondoka na nywila, swichi hizo zitarudishwa zilivyotoka kiwandani na mipangilio yote kufutika, kwa hiyo tutapanga siku ya mapumziko. Na tutumie video ya sekunde 10 ya taa za kabati. Picha haitufai, haionyeshi zinavyometa.