Ubongo wa kushoto haumchagulii mtu masomo

Mhariri,

Imezagaa imani kwamba anayetumia zaidi ubongo wa kushoto ni mtu wa hesabu na sayansi, na wa kulia ni wa fasihi na muziki. Walimu wanairudia darasani, na mwanafunzi aliyeanguka mtihani mmoja wa hisabati anaipokea kama hukumu.

Chanzo chake ni utafiti wa maana kabisa. Roger Sperry, aliyetunukiwa Nobeli ya tiba mwaka 1981, aliwachunguza wagonjwa wa kifafa waliokatwa mkanda wa neva unaounganisha pande mbili za ubongo. Mgonjwa akimulikiwa picha ya kijiko upande wa kushoto wa pale anapotazama, alisema hajaona kitu. Akiambiwa apapase vitu vilivyofichwa, mkono wake wa kushoto uliokota kijiko kilekile! Picha ilifika ubongo wa kulia, unaoongoza mkono wa kushoto, ilhali usemi, kwa watu wengi, uko kushoto. Lakini hao walikuwa wamekatwa mkanda. Sisi wengine tunao mzima, una nyuzi zipatazo milioni 200, na pande zote mbili zinapashana habari wakati wote. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walipitia picha za ubongo za watu zaidi ya 1,000, wasimpate mtu wa kushoto wala wa kulia.

Madodoso ya haiba nayo hayana nafuu. Lile maarufu linalogawa watu katika aina 16 lilitungwa na Katharine Briggs na bintiye Isabel Briggs Myers kutokana na mawazo ya Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi. Linamtaka kila mtu awe mkimya au mchangamfu, wa hoja au wa hisia, wakati wengi wetu tuko katikati. Kwa aliye katikati, jibu moja likibadilika, na aina yaweza kubadilika. Kwa mazungumzo ya kupitisha muda, sawa.

Sikatai kwamba haiba na fani vinahusiana. Wanafunzi wa sanaa, kwa wastani, huonekana kupenda zaidi mambo mapya. Ila huo ni wastani wa kundi, haumsemei huyu aliyekaa mbele ya mshauri wa masomo. Tena anayesaka uthibitisho wa kihisabati hubuni njia ambayo hakuna aliyeipita, na mwanahistoria anayepambanisha nyaraka mbili zinazopingana anafanya kazi ya mantiki tupu.

Washauri wa masomo wafungue kwanza madaftari ya mwanafunzi, waone alikwama mada ipi, na kama mada hiyo alifundishwa ipasavyo.

Msomaji wako