Malalamiko kuhusu programu ya kupanga sauti nne

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja

KUH: PROGRAMU YENU INAPITISHA MAKOSA KUWA SAHIHI

Ndugu Meneja,

Ninafundisha kwaya, pamoja na wanafunzi wanaojifunza kupanga sauti nne. Nililipia leseni ya mwaka mzima kwa sababu tangazo lenu linasema ukiipa programu melodia, itakupangia alto, tena (sauti ya tenor) na besi kwa mtindo wa mtunzi Bach, kisha itajikagua yenyewe. Huo ukaguzi ndio ulionivuta, na ndio ninaoulalamikia.

Niliingiza melodia ya vipimo 12. Katika kipimo cha 3, besi inatoka do kwenda re, na tena iliyo juu yake inatoka so kwenda la. Hizo ni kwinti sambamba, yaani sauti mbili zilizoachana kwa noti tano zinasogea pamoja bila kubadili umbali huo, kosa ambalo mwanafunzi hufundishwa kulikwepa tangu wiki za mwanzo. Kwenye kituo cha mwisho, pale wimbo unapofungwa, mambo ni mabaya zaidi: soprano iko kwenye ti, na tena nayo imepewa ti, oktava moja chini. Zote mbili zinapanda do kwa pamoja, yaani oktava sambamba. Tulipoimba, pengo lilisikika wazi. Sauti nne zilikuwa zimebaki tatu. Alama za kutua (fermata) mwishoni mwa mistari nazo zimerukwa. Juu ya yote hayo programu imeweka tiki ya kijani: "Hakuna kosa".

Mhudumu wenu alinijibu kwamba hata Bach mwenyewe ana kwinti sambamba. Ni kweli, zipo chache. Lakini afungue ule mkusanyo wa nyimbo zake za kanisa za sauti nne, wenye namba 1 hadi 371, uliochapishwa kati ya 1784 na 1787, aone zinakokaa: mara nyingi ni pale mstari mmoja unapoisha na mwingine kuanza, waimbaji wakiwa wameshavuta pumzi. Zenu ziko katikati ya mstari. Jibu lile lilinisikitisha kuliko kosa lenyewe.

Programu ikikosea kupanga, nitasahihisha kwa penseli, sina ugomvi. Tiki ile ndiyo inayoniharibia kazi. Wiki iliyopita nilizungushia kwinti za mwanafunzi wangu kwa wino mwekundu. Akafungua simu, akanionyesha ile kijani, akaniuliza, "Mwalimu, sasa nimfuate nani?" Huyu ni kijana aliyekesha na kazi ile.

Naomba mrekebishe ukaguzi utambue kwinti na oktava sambamba, na ti iliyopewa sauti mbili kwa wakati mmoja. Kabla hilo halijafanyika, iondoeni tiki hiyo. Pia tuwezeshwe kufunga sauti moja tunapobadilisha nyingine, maana sasa ukigusa noti moja ya alto, besi yote inapangwa upya. Msipoweza kufanya hayo ndani ya siku 30, nirudishieni fedha za miezi iliyobaki.

Nimeambatisha faili la melodia na picha ya ukurasa wenye tiki.

Wako mwaminifu,
Mwalimu wa kwaya